Maswali ya Wasomaji: Ndani ya Jaribio la Chanjo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliomo ndani ya majaribio ya chanjo, au walioombwa kuingia. Tumechagua sita. Mifano yetu mingi ni ya chanjo za malaria, kwa sababu hizo zimepimwa kwenye mikono na mapaja ya watoto wetu wenyewe: Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa.

Swali: Mwanangu ana mwaka na nusu, kilo 10. Watu wa utafiti wamekuja nyumbani wanataka aingie kwenye jaribio la chanjo. Mama mkwe anasema watammaliza damu. Mimi sijakataa wala sijakubali. Niwaulize nini?
*Mama wa watoto wawili, Muheza*

Mama, anza na hilo la mama mkwe, maana ni swali la haki kabisa. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo wako ana kama mililita 800. Mwongozo wa Ulaya wa tafiti za watoto, ambao watafiti wengi huufuata, unataka damu ya utafiti isizidi asilimia 1 kwa mara moja na asilimia 3 ndani ya wiki 4. Kwa mwanao hiyo ni mililita 8 kwa mara moja, na 24 kwa wiki nne zote. Kijiko cha chai ni mililita 5. Waambie wakuoneshe kwenye fomu: atatolewa mara ngapi, vijiko vingapi kila mara. Fomu isiyosema hivyo haijakamilika.

Kisha uliza damu inakwenda wapi baada ya kupimwa. Itahifadhiwa miaka mingapi? Itasafirishwa nje ya nchi? Kuhifadhiwa kwa ajili ya tafiti za baadaye huwa na kisanduku chake cha kukubali au kukataa, na unaweza kukataa hicho mtoto akabaki kwenye jaribio.

Uliza kundi la pili linapata nini. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria aina ya R21, watoto wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao waondoke na faida. Mtoto hupangiwa kundi kwa bahati nasibu. Wewe hutajua yuko wapi, na muuguzi atakayempima homa naye hatajua. Usimwombe mtu "akuwekee" mtoto kwenye kundi zuri. Anayeahidi hivyo anakudanganya.

Uliza pia nani atalipa matibabu mtoto akidhurika, na namba ya simu ya kupiga usiku wa manane. Ipige hapo hapo uone kama inapokelewa. Nauli ya kuja kliniki unarudishiwa. Fedha nono ya kukushawishi hairuhusiwi.

Kama husomi vizuri, lazima awepo shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, asikie kila unachoelezwa, wewe uweke dole gumba naye atie saini na tarehe. Ondoka na nakala yako. Unaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma zake za kawaida za kliniki hazipungui. Na ukitaka kwenda kulala ulifikirie, nenda. Mtafiti anayekuharakisha utie saini kabla gari halijaondoka hajajifunza kazi yake.

Swali: Ni muuguzi, huu ni mwezi wangu wa kwanza kwenye jaribio. Mtoto wetu mmoja ameanguka mwembeni akavunjika mkono, akalazwa usiku mmoja. Mwenzangu anasema hilo halihusiani na chanjo, tuliache. Nifanye nini?
*Muuguzi, Kaunti ya Siaya*

Ripoti leo, dada. Tukio linaitwa zito kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye itifaki, yaani mpango wa jaribio: kifo, hatari ya kifo, kulazwa au kuongezewa siku za kulazwa, ulemavu wa kudumu, au kasoro ya kuzaliwa nayo. Mtoto alilazwa, basi kigezo kimetimia. Kama mwembe ndio uliomwangusha au kizunguzungu kilichotokana na sindano, hilo huamuliwa baadaye na daktari wa utafiti na kamati ya usalama, wakiwa na takwimu za watoto wote mbele yao. Wewe unaona mmoja tu. Wakija kugundua kwamba watoto kumi na wawili wa kundi moja wameanguka, wataligundua kwa sababu wauguzi kumi na wawili hawakusema "tuliache".

Itifaki nyingi zinataka taarifa imfikie mdhamini ndani ya saa 24 tangu mfanyakazi wa kwanza alipojua, hata kama alijua akiwa sokoni. Usingoje picha ya eksirei wala muhtasari wa hospitali. Taarifa ya kwanza inahitaji namba ya mshiriki, tukio, tarehe na jina lako. Mengine yatafuata.

Wapya wengi huchanganya uzito na ukali. Mtoto mwenye homa ya nyuzi 39.6 aliyetibiwa akarudi nyumbani ana tukio kali ambalo si zito. Aliyelazwa usiku mmoja "tumwangalie tu", akacheza mpaka asubuhi, tukio lake ni zito ingawa si kali. Ni maneno mawili yenye visanduku viwili kwenye fomu.

Na kwa kuwa ndio unaanza, mambo mengine mawili. Baada ya sindano mtoto anakaa mbele ya macho yako dakika 30, kwa saa ya ukutani. Kabla ya mshiriki wa kwanza wa siku, hakikisha adrenalini, dawa ya mzio mkali, ya miligramu 1 kwa mililita ipo juu ya meza na haijapita muda, pamoja na bomba la sindano la mililita 1. Kipimo ni mililita 0.01 kwa kila kilo, kisizidi 0.5. Mtoto wa kilo 10 anapata mililita 0.1, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na unarudia baada ya dakika 5 kama hali haijatulia. Andika jedwali la uzito na kipimo, ulibandike ukutani mapema. Mtoto anapovimba midomo na kukoroma hakuna anayepiga hesabu ya desimali sawasawa.

La pili ni kadi ya siku 7 ambayo mama anaandika joto, maumivu na uvimbe. Kadi yenye 36.5 siku zote saba, kwa wino uleule na mwandiko uliolala upande mmoja, imejazwa usiku wa kuamkia kliniki. Usimgombeze. Mwambie mapema kwamba nafasi iliyoachwa wazi ina thamani kuliko ya kubahatisha, na mpange mhudumu wa kijijini ampitie siku ya 2 na ya 4. Mama akifanya makosa, aliyemfundisha kusoma kipimajoto ndiye wa kuulizwa.

Swali: Natenganisha chembe nyeupe za damu kwa ajili ya vipimo vya kinga. Siku ya kugandisha zinahesabika hai zaidi ya 95%, lakini tukiziyeyusha zinabaki hai 50% au pungufu. Damu inachukuliwa vijijini saa tatu asubuhi, inafika kwenye boksi la barafu saa kumi jioni, tunaanza kazi kama saa moja usiku. Maelekezo tumeyapata maabara nyingine: mizunguko 1,450 kwa dakika, dakika 30.
*Mteknolojia wa maabara, Mwanza*

Asante kwa barua yenye saa na namba, ndugu yetu. Wengi huandika "seli zinakufa" basi. Barua yako inaonyesha makosa matatu hata kabla hatujafika kwako, na la nne ni la kuchunguza.

Kwanza barafu. Damu ya kutenganishia chembe hai haipozwi. Isafiri kwenye nyuzi 15 hadi 25, ndani ya boksi lenye vifuko vya jeli ambavyo havijagandishwa, na kipimajoto kinachotunza kumbukumbu. Barafu ni ya mirija mingine. Dereva ameambiwa "sampuli zikae baridi" na anatii kwa moyo wote, kwa hiyo weka maboksi mawili ya rangi tofauti ili asilazimike kukumbuka.

Pili saa. Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku ni saa 10. Lenga kazi ianze ndani ya saa 8. Kadiri damu inavyokaa, aina nyingine za chembe nyeupe, zile zenye punje, hubadilika na kuchanganyika na tabaka lako. Siku ileile utahesabu hai kwa wingi, lakini zilizoumia hufia kwenye kuyeyushwa. Gari liondoke saa saba mchana na kilichopo. Usingoje mshiriki wa mwisho.

Tatu, na hili limewanasa wengi, ile 1,450. Mizunguko kwa dakika ni lugha ya mashine moja tu. Nguvu inayozitenganisha chembe inategemea pia urefu wa mkono wa mashine, kutoka katikati hadi chini ya mrija: nguvu ni 0.00001118 mara sentimita za mkono, mara mizunguko kwa dakika ikizidishwa kwa yenyewe. Maelekezo ya kawaida ni nguvu 400, yaani mara 400 ya mvutano wa dunia, kwa dakika 30. Kwenye mashine yenye mkono wa sentimita 17, mizunguko 1,450 inakupa hiyo 400. Mashine yako ikiwa na mkono wa sentimita 10, mizunguko ileile inakupa 235 tu, tabaka halijikusanyi, nawe unavuta uchafu pamoja na chembe. Hapo ungehitaji karibu 1,890. Pima mkono kwa rula leo. Na breki izimwe. Mashine ikisimama ghafla, tabaka jeupe ulilolisubiri nusu saa linavurugika ndani ya sekunde mbili.

Nne, kugandisha. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 9 za seramu ya ndama na sehemu 1 ya DMSO, chembe milioni 5 hadi 10 kwa mililita. DMSO huzilinda kwenye baridi, ila kwenye joto la chumba huzidhuru. Uwe na mirija iliyokwisha kuandikwa kabla hujaimimina, upoze mchanganyiko, ugawe haraka, na kila kitu kiwe ndani ya friza la nyuzi 80 chini ya sifuri kabla hujaenda kunywa chai. Lile kopo la kugandishia lenye aisopropanoli ndilo linaloshusha joto kwa nyuzi 1 kila dakika. Aisopropanoli yake hubadilishwa kila baada ya matumizi 5, kwa sababu hunyonya maji ya hewani. Bandika karatasi juu ya kopo, piga mstari kila mara. Halafu mirija ihamie kwenye nitrojeni ya kimiminika ndani ya saa 24 hadi 72. Ikikaa wiki kwenye friza eti nitrojeni haijaletwa, hesabu hasara.

Kuyeyusha nako kuna mkono wake. Ingiza mrija kwenye maji ya nyuzi 37, utikise taratibu mpaka kibaki kipande cha barafu kama punje ya choroko, utoe. Ongeza maji lishe ya uvuguvugu tone kwa tone, mililita ya kwanza ikuchukue kama dakika nzima, ndipo ujaze hadi 10. Ukimimina kwa pupa, maji huziingia chembe kwa kasi zikapasuka. Kiwango cha chini kinachokubalika na maabara nyingi ni hai 70%.

Usibadilishe vyote vinne kwa wiki moja. Chukua damu ya mtu mzima aliyeridhia hapohapo maabara, igawe, nusu moja uianze ndani ya saa 2, nusu nyingine baada ya saa 10, kila kingine kiwe sawa. Utajua tatizo ni muda wa njiani au ni maabara.

Swali: Ni daktari, naandika itifaki yangu ya kwanza. Hesabu ilinipa watoto 300 kila kundi, nikaongeza 15% kwa watakaopotea nikapata 345. Msimamizi wangu amezungushia duara jekundu bila maelezo. Pia amekataa ufafanuzi wangu wa malaria: "homa na kimelea chochote kwenye damu".
*Daktari, Dodoma*

Duara bila maelezo ni ulezi mbovu, na tunamwambia hivyo msimamizi kama anatusoma. Hesabu yenyewe hii hapa: wakipotea 15% ya 345 unabaki na 293, umekosa 7. Watakaopotea wanahesabiwa kwenye jumla utakayoandikisha, kwa hiyo gawanya: 300 kwa 0.85 ni 353.

La ufafanuzi ndilo zito. Kwenye maeneo yetu mtoto anaweza kubeba vimelea vichache bila kuugua, halafu akapata homa ya mafua. Kwa ufafanuzi wako huyo ana malaria. Tuseme makundi ni sawa kwa idadi, malaria ya kweli ni 100 kwenye kundi la kulinganishia na 50 kwenye la chanjo. Ufanisi ni 50%. Sasa ongeza homa 40 za mafua zenye vimelea vya kusingiziwa kila upande: 140 na 90. Ufanisi unaonekana 36%. Chanjo haikubadilika, ni kalamu yako iliyoipunguza. Ndiyo maana jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoandikisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, lilidai joto la kwapani la 37.5 au zaidi pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 kwa kila maikrolita. Weka ufafanuzi huo kama wa kwanza, na ule wako uwe wa pili, uripoti vyote.

Basi hesabu ya slaidi ikawa roho ya kazi. Msomaji akihesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, na mkakubaliana kutumia chembe nyeupe 8,000 kwa maikrolita, mnazidisha kwa 40: vimelea 140 ni 5,600, vimelea 120 ni 4,800. Vimelea ishirini kwenye hadubini vinaamua kama mtoto anahesabiwa au la. Kwa hiyo slaidi moja isomwe na watu wawili wasiooneana majibu, na wa tatu wakitofautiana.

Swali: Vibali vinaanzia wapi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Unguja*

Bara: kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kwa kuwa ni chanjo, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Zanzibar ina kamati yake chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kenya: kamati ya maadili inayotambuliwa, leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), na Bodi ya Dawa na Sumu. Sajili jaribio kwenye rejesta ya umma, mfano ile ya Afrika ya PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza. Ukisajili baadaye, majarida makubwa yatakurudishia makala bila kuyasoma. Sampuli zikivuka mpaka zina mkataba na kibali chake peke yake, anza nacho mapema kuliko unavyodhani.

Swali: Nina vijana watatu wa utafiti, wawili wa uzamili na mmoja wa uzamivu. Wanafanya kazi kwa bidii, lakini takwimu zikiiva zinachambuliwa ng'ambo nao wanabaki kusubiri majina yao. Na wakiiva wenyewe, wanaondoka. Nakosea wapi?
*Mtafiti mwandamizi, Moshi*

Mzee wetu, shikamoo. Kosa huanza mwezi wa kwanza, pale kijana anapopewa kazi badala ya kupewa swali. Kila mmoja wa hao watatu awe na swali moja lililo lake ndani ya jaribio: linaandikwa kwenye karatasi, pamoja na jedwali atakalolijaza na jina la mwandishi wa kwanza wa makala hayo, kabla takwimu hazijafunguliwa. Mkiandika kabla, washirika wa ng'ambo wanatia saini kwa moyo mweupe. Mkisubiri matokeo yatoke ndipo mjadili majina, mnagombana na mwenye kompyuta.

Kila mmoja afuate sampuli moja kutoka mkononi mwa mtoto hadi kwenye friza, asimame chumbani wakati mama anaelezwa ridhaa, na akae kwenye ukaguzi mmoja wa mdhamini mwanzo hadi mwisho. Mchambuzi asiyewahi kuona kadi ya siku 7 ikijazwa ataamini kila 36.5.

Kikao ni dakika 45 kwa wiki, siku ileile, naye ndiye anayeandika yaliyokubaliwa. Rasimu anayokuletea imrudie ndani ya siku 7, yenye sababu. Muda ukikushinda, mwambie nani ataisoma rasimu badala yako. Tena kila kijana awe na mlezi wa pili asiye bosi wake, nje ya mradi, kwa sababu yapo mambo hawezi kukwambia wewe unayesaini mkataba wake.

Wafundishe kubeba matokeo machungu. Watoto 447 waliopewa dozi tatu za RTS,S au chanjo ya kulinganishia walifuatiliwa Kilifi kwa miaka 7, na makala ya 2016 yakaonyesha ufanisi wa 4.4% kwa muda wote huo, kinga ikiwa imefifia mwaka hadi mwaka. Mwandishi wa kwanza alikuwa Ally Olotu, Mtanzania, ambaye baadaye aliongoza kazi ya R21 huko Bagamoyo. Miaka saba ya kupima watoto walewale, jibu likawa hilo, na likachapishwa. Kijana anayejua kwamba hata jibu hilo litachapishwa kwa jina lake hana sababu ya kulipamba.

Kuondoka wataondoka, na waliolelewa vizuri hurudi wakiwa washirika. Unachoweza kuzuia ni kuondoka na vitu kichwani. Weka mwezi mmoja wa makabidhiano kwenye mkataba. Siku ya mwisho anayebaki afungue friza mwenyewe, achague mirija 10 kwa kubahatisha kutoka kwenye ramani ya maboksi, na aipate yote kumi mahali ilipoandikwa.